Sekunde 71

Watu wakiniuliza kwa nini mdogo wangu alitembea na saa ya jikoni ndani ya mkoba kuanzia Januari hadi Mei mwaka 2025, huwa nawajibu kwa hesabu. Mtihani wa SAT wa kidijitali, ambao vyuo vingi vya Marekani hutumia kuwapima waombaji, una maswali 98 na muda wa saa 2 na dakika 14. Sehemu ya kwanza ni Kusoma na Kuandika, nayo ina moduli mbili. Kila moja ina maswali 27 kwa dakika 32. Sehemu ya pili ni Hesabu, moduli mbili tena, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Katikati kuna mapumziko ya dakika 10. Ukigawanya unapata sekunde 71 kwa kila swali la Kusoma na sekunde 95 kwa kila swali la Hesabu. Saa ya jikoni ilikuwa ya kuzizoea sekunde hizo.

Mimi niliufanya mtihani huo mwaka 2023, mwaka uleule ulipoanza kufanywa kwa kompyuta nje ya Marekani. Alama zangu zilitosha na chuo kimoja kikanikubali, ila msaada wa fedha waliouahidi uliacha pengo ambalo kwetu hata tungeuza kiwanja lisingezibika. Nikaja Mbale kusomea ualimu wa Kiswahili, na ninaupenda. Lakini mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita kule Jinja mwishoni mwa 2024 na kusema naye anataka kujaribu, mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa bei nafuu kuliko wote. Zaidi ya hapo, mimi ndiye nilikuwa na laptopu.

Ada ya mtihani kwa mtu aliye nje ya Marekani inapita dola 100. Kwa shilingi zetu ni karibu 400,000. Mama anauza nyanya na vitunguu katika Soko Kuu la Jinja, na fedha hizo alizitoa kidogo kidogo tangu Septemba, akizifunga kwenye kitambaa. Alipotukabidhi hakusema maneno mengi. Alisema tu, “Hizi ni za mara moja, wanangu.” Vijana wengi wa Marekani huufanya mtihani huu mara mbili au zaidi. Ile mara ya kwanza huwafundisha mwendo wa saa, jinsi dakika zinavyokimbia ukiwa mbele ya skrini, ya pili wanakuja wakiwa wameshazoea. Kwetu mara ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwendo wa saa ulipaswa kujulikana kabla ya kufika mlangoni.

Nianze na shule zetu, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza kukaa na muda. Karatasi ya kwanza ya Hesabu katika mtihani wa UACE unaosimamiwa na UNEB ina saa 3. Sehemu A ina maswali 8 ya lazima, kila moja alama 5. Sehemu B unachagua maswali 5 kati ya 8, kila moja alama 12. Jumla ni alama 100 kwa dakika 180. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anaijua hesabu hii kwa moyo: alama moja ni dakika 1 na sekunde 48, swali la alama 5 ni dakika 9, la alama 12 ni karibu dakika 22. Ndani ya dakika 22 unaweza kukosea, ukafuta, ukaanza upya, na bado ukamaliza. Tena msahihishaji anaisoma njia yako. Ukiandika mlinganyo ulio sahihi, ukaanza kuutatua na kukwama katikati, kuna alama zako pale. Ndiyo maana walimu wetu hawachoki kutuambia tusiache swali tupu, tuandike tunachojua, tukae nalo. Kukaa na swali kunalipa.

Katika SAT hakuna anayeisoma njia yako. Karatasi ya kufanyia hesabu hukusanywa, na hakuna anayeisahihisha. Dakika 4 za kazi nzuri iliyokatika kabla ya jibu zina thamani ya sifuri, na juu ya hayo zimeshakula maswali mawili ya mbele. Uvumilivu uleule uliompa mdogo wangu alama nzuri miaka yote ya shule ndio uliomgharimu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza aliifanyia chumbani kwangu, Namakwekwe. Programu ya mtihani inaitwa Bluebook, na ndani yake kuna mitihani kamili ya majaribio isiyolipiwa. Haifanyi kazi kwenye simu, na simu ndiyo kompyuta ya vijana wengi wa Uganda. Kwa hiyo kila Jumamosi ya pili alikuwa anapanda teksi Jinja asubuhi na mapema na kuja Mbale, karibu kilomita 150, kwa ajili ya kompyuta yenye funguo mbili zilizong'oka. Moduli ya kwanza ya Kusoma ilijifunga yenyewe akiwa hajayagusa maswali 6. Hesabu ikajifunga yakiwa yamebaki 5. Aligeuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga. “Dada, hawa watu wanakimbia wapi?”

Alama zilikuwa 1180 kati ya 1600.

Kila tuliyemweleza alitoa ushauri mmoja: aongeze kasi. Binamu yetu aliyeko Kampala, mwalimu wake wa zamani, hata mwenye nyumba wangu ambaye hajawahi kuuona mtihani huo. Mimi sikuukubali ushauri huo, na bado siukubali. Mdogo wangu anasoma haraka kuliko mimi. Ukimwambia mtu kama huyo akimbie, ataanza kukosea yale anayoyajua, na yale yanayomchelewesha yatabaki palepale yakimngoja.

Basi tukafanya kazi ya kuchosha. Wiki mbili baadaye niliketi nyuma yake na daftari, nikawa naandika saa ya simu yangu kila alipofungua swali jipya. Katika moduli ile alifika swali la 21. Maswali 14 kati ya hayo yalimchukua wastani wa sekunde 55 hivi. Humo yalikuwamo yale aliyoyajua vizuri, na pia yale ambayo hakuyajua hata kidogo. Hayo ya mwisho alikuwa anayatazama, anacheka, anabahatisha, anaenda. Zaidi ya nusu ya muda wake ilimezwa na maswali 7 tu. Moja lilifika dakika 4 na sekunde 10. Nilipomuuliza kuhusu hayo saba alijibu karibu kwa maneno yaleyale kwa kila moja: lilikuwa jepesi, alikuwa anakaribia kulipata.

Jioni ile tulimpigia Mama simu. Mdogo wangu alimsomea namba zetu kama mtu anayesoma barua ya daktari. Mama akacheka. “Hao nawajua,” akasema. “Mteja asiyetaka kununua hanipotezei muda, anapita. Anayetaka kununua analipa, anaondoka. Yule anayeshika nyanya moja, anaiweka, anaishika tena, anasema punguza kidogo tu mama nitachukua, huyo ndiye anayenifikisha jioni na beseni limejaa.” Tukamuuliza anamfanyaje. “Namwambia mwanangu, fikiria, mimi nipo hapa. Kisha namgeukia wa nyuma yake.”

Sijasoma ushauri bora zaidi ya huo kuhusu mtihani wowote wenye saa, na nimesoma mwingi. Swali gumu kabisa si hatari, maana moyo hauna deni nalo. Lile unalokaribia kulijua linakushika mkono. Programu yenyewe imeliwekea njia: juu ya kila swali kuna kitufe cha kuweka alama ya kurudi, na mwisho wa moduli unaona orodha ya yote uliyoyawekea alama. Ndani ya moduli unatembea utakavyo, mbele na nyuma. Moduli ikishafungwa, huirudii.

Tukaweka sharti. Ukiisoma sentensi ileile kwa mara ya tatu, au kalamu ikikaa pumzi kumi bila kuandika kitu kipya, chagua jibu lolote linaloonekana kuwa na nafuu, weka alama, ondoka. Chagua kwanza, ndipo uondoke. Zamani, kabla ya 2016, SAT ilikuwa ikikata robo alama kwa jibu lililokosewa, na bado kuna watu wazima wanaowaonya vijana wasibahatishe. Adhabu hiyo ilifutwa. Leo jibu la kubahatisha na nafasi tupu havilingani hata kidogo: la kwanza linaweza kukupa kitu, la pili haliwezi.

Kuyaandika haya ni rahisi. Kuyatenda kulichukua wiki tatu, kwa sababu kuondoka kulimuuma. Alisema ni kama kuacha sufuria motoni. Mara nyingine alikuwa anaweka alama, anaenda swali la mbele, lakini akili inabaki nyuma ikikoroga. Kilichomsaidia ni kuona kwa macho yake. Katika jaribio la tatu aliyarudia maswali manne aliyoyaacha, na matatu kati yake yalifunguka ndani ya nusu dakika, kama mlango ambao mtu mwingine ameshautia ufunguo. Tangu hapo sikumshawishi tena.

Hesabu ina tabia yake. Zile sekunde 95 nilizozitaja mwanzoni ni wastani tu, na ukizifuata kama zilivyo zinakupoteza, maana maswali ya kila moduli yanapanda kutoka mepesi hadi magumu. Anayetumia sekunde 95 kwa swali la kwanza anatoa sadaka mahali ambapo hakuna maskini. Sisi tuligawa hivi: maswali 10 ya kwanza kwa dakika 10, 6 yanayofuata kwa dakika 11, na 6 ya mwisho yaachiwe dakika 14, pamoja na kurudi kwenye alama. Mgawanyo huu sikuuona kwenye kitabu chochote. Uliwafaa mikono na macho ya mtu mmoja, na mwingine ajipimie wake.

Ndani ya programu kuna kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu. Unaandika milinganyo miwili, mistari inakatana mbele yako, unasoma jibu. Mwanzoni mdogo wangu alikikataa, akisema anajisikia kama anaibia. Namwelewa. UNEB inaruhusu kikokotoo cha kawaida kisichopokea programu, na sote tumekua tukijua kwamba chombo kinachokuonyesha jibu lazima kimekatazwa. Alipokubali alikwenda upande wa pili, akawa anaandika humo hata vitu ambavyo kichwa chake kingemaliza kwa sekunde 5. Ikabidi tutenganishe: mlinganyo wa mstari mmoja, kwa kichwa, mistari miwili inayokatana, mkondo wa parabola, mizizi isiyo ya namba nzima, kwa Desmos. Takriban robo ya maswali ya Hesabu hayana majibu ya kuchagua, unaandika jibu lako mwenyewe. Hayo alikuwa akiyaogopa na baadaye akayapenda, kwa kuwa hayana majibu manne ya kumvuta huku na huku.

Kwenye Kusoma mambo yalikuwa mengine. Kila swali lina kifungu chake kifupi, maneno 25 hadi 150. Mpangilio haubadiliki: mwanzoni maana za maneno na muundo wa kifungu, kisha kuelewa habari na ushahidi, kisha sarufi na alama za uandishi, mwishoni kuunganisha mawazo. Sasa, sarufi ya Kiingereza ni chakula cha shule zetu. Tumeipigiwa ubaoni tangu darasa la nne. Mdogo wangu alikuwa akizimaliza koma na nukta mkato kwa sekunde 30. Vifungu vya riwaya za karne ya 19 vilikuwa jambo jingine, na mashairi ndiyo yalimmaliza. Nilimshauri aanzie nyuma, kwenye sarufi, akusanye dakika, halafu arudi mwanzo. Tulijaribu mara mbili. Dakika zilipatikana kweli, karibu 2, lakini alifika kwenye mashairi akiwa amechoka na anazitumia zote hapo bila faida. Akasema anataka kwenda moja kwa moja. Tukaenda moja kwa moja.

Saa ya kwenye skrini inahesabu kushuka, na unaweza kuificha mpaka zinapobaki dakika 5, hapo inajitokeza yenyewe na haifichiki tena. Yeye alitaka kuificha, mimi nilitaka aione. Tulibishana, na nadhani mwenye nyumba alitusikia. Mwishowe tulikutana kwenye njia ya Tirinyi. Kwa wasioijua, teksi ya Jinja kwenda Mbale hupita Iganga, kisha Namutumba, inavuka bwawa la mto Mpologoma, halafu Tirinyi, Budaka, Kamonkoli, ndipo mlima wa Wanale unakusimamia mbele. Mdogo wangu alikuwa ameipita njia hiyo mara nyingi sana miezi ile na alikuwa anaketi mbele, karibu na dereva. Alikuwa ameona kwamba dereva mzoefu hatazami saa kila dakika. Anaitazama Namutumba, anaitazama tena darajani Mpologoma. Akiwa amechelewa hapo, hapakii abiria wa njiani mpaka Budaka. Akiwa sawa, anasimama hata kununua machungwa. Yule mgeni wa barabara ndiye hukimbia tangu Jinja, kisha akakaa Iganga dakika 40 akingoja viti vijae.

Kwa hiyo vituo viwili tu: ukimaliza swali la 9 uone dakika 21 zimebaki, ukimaliza la 18 uone 11. Ukiwa pungufu kwa dakika moja, usiharakishe kusoma. Ongeza idadi ya maswali unayoyaacha na alama. Hapo katikati saa usiitazame. Hilo la kutoitazama lilikuwa gumu kwangu mimi kuliko kwake, kwa sababu nilikuwa nyuma yake na simu mkononi.

Kuna jambo jingine linalokula muda bila kuonekana, nalo ni uvumi. Mtihani huu hujirekebisha: ukifanya vizuri moduli ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi na mlango wa alama za juu unabaki wazi, ukifanya vibaya, ya pili inakuja nyepesi na alama zina dari. Hili ni kweli, na maana yake kwa saa ni kwamba dakika za moduli ya kwanza zina uzito mkubwa, usizichezee. Lakini vijana wameligeuza kuwa uganga. Moduli ya pili ikifunguka, wanasimama kuipima: hili ni jepesi, basi nimeanguka? Mdogo wangu alifanya hivyo katika jaribio la pili. Niliona daftarini sekunde 80 alizotumia kwenye swali la kwanza la moduli ya pili ya Hesabu, swali la kujumlisha tu. Alikuwa akipiga ramli. Na ramli yenyewe haiaminiki, kwani hata moduli ngumu ina maswali mepesi mwanzoni, na katika kila moduli kuna maswali mawili ya majaribio yasiyohesabiwa, usiyoweza kuyatambua.

Kwa kuwa ninasoma Kiswahili, sikukosa kumletea methali. Siku moja nilimwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu papo hapo, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tukaachana hapo. Darasani kwetu zote mbili huwa zinafundishwa siku moja na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia ipi itumike saa ngapi.

Nisiwafanye msomaji afikiri kwamba yote yalikuwa akili na mbinu. Sehemu kubwa ilikuwa umeme. Jinja ni mji wa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na baadaye yakafuata ya Kiira na Bujagali. Nyumbani kwetu Mpumudde giza linaingia vilevile, na watu hutania kwamba umeme unazaliwa hapa na kuhamia mjini kama wasomi. Mwezi Machi nilimwachia laptopu wiki nzima Jinja, na siku tatu kati ya saba haikuwaka. Betri yake ikiwa imejaa ilikaa saa 1 na dakika 40. Mtihani, pamoja na mapumziko, ni saa 2 na dakika 24. Fanya hesabu mwenyewe. Programu imetengenezwa ili kompyuta ikizimika au mtandao ukikatika usipoteze kazi wala muda, na intaneti inahitajika hasa kuanza na kutuma majibu. Hilo linatuliza karatasini. Mtu aliyezimikiwa katikati ya swali la 17 anarudi akiwa mtu mwingine, hata kama saa ilimngojea.

Siku zisizo na laptopu alifanya mazoezi kwenye karatasi, na ile saa ya jikoni ikiwa mezani. Ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna muda mwingine ambao haumo kwenye zile saa 2 na dakika 14. Kijana mwenye kompyuta yake chumbani anapata mwendo wa mtihani bila kujua kwamba anaupata, jinsi sisi tulivyopata mwendo wa karatasi ya UNEB. Mdogo wangu alikuwa na Jumamosi tisa. Lakini sitasema kwamba mtihani wa zamani wa karatasi ulitufaa zaidi. Ule ulikuwa na maswali 154 kwa saa 3, yaani sekunde 70 kwa swali. Huu wa sasa unatoa wastani wa sekunde 82, na vifungu vimekuwa vifupi sana. Kwa mtu anayesoma kwa lugha yake ya tatu, sekunde 12 ni nyingi. Wametuongezea muda ndani ya chumba, wakatuachia kazi ya kuutafuta nje yake.

Kwa siku ya mtihani hatukuiamini betri yetu. Binamu yetu wa Kampala alikubali kuazima laptopu yake, na kwa kuwa programu inataka maandalizi yafanyike siku chache kabla kwenye kompyuta ileile utakayotumia, mdogo wangu alikwenda Kampala tangu Jumatano, akalala kwa shangazi yetu, senga, kule Kireka. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80 tu, na watu walitushangaa. Lakini milango ya chumba hufungwa saa 2 kamili asubuhi, na anayejua foleni ya Mukono na Namanve hatatushangaa. Senga alimwamsha saa 10 alfajiri, chai ikiwa tayari.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Alinipigia simu saa 7 mchana. Hakuanza na kama amefaulu. Alianza na saa. Kituo cha kwanza alikiona na dakika 22 zikiwa zimebaki. Kituo cha pili na dakika 10, akaacha matatu mfululizo kwa alama, akarudi akayapata mawili anayodhani ni sahihi. Katika Hesabu, swali la 19 la moduli ya pili, duara lenye mlinganyo uliofichwa, lilimshika mkono. “Nikamwambia fikiria, mimi nipo hapa,” akasema, na nikamsikia senga akiuliza nyuma yake anaongea na nani. Alilirudia zikiwa zimebaki dakika 3. Hakuna swali aliloliacha tupu.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili hivi: 1370. Ukilinganisha na 1180 ya Januari, mengi yalitokana na maswali ambayo tangu mwanzo alikuwa anayajua na hakuwa anayafikia. Msamiati wake haukukua sana miezi ile, na mashairi bado hayapendi. Saa ilimrudishia vyake, haikumpa vya mtu mwingine. Sasa anaandika insha za maombi, kazi isiyo na sekunde, na nimeona anaipata shida zaidi. Ametuma barua pepe kwa vyuo sita akiuliza kuhusu msaada wa fedha kwa wanafunzi wa nje. Viwili vimejibu. Mama anauliza kila jioni vingine vinne viko wapi.

Laptopu haijapumzika. Kuna kijana wa Walukuba, jirani wa rafiki yake, anayetaka kuufanya mwezi Oktoba, na safari hii anayeketi nyuma na daftari ni mdogo wangu. Jana alinipigia kuniambia kwamba kijana huyo anakwama kwenye maswali matano, yote anayakaribia, na kwamba betri sasa inakaa saa 1 na dakika 20, kwa hiyo Jumamosi watafanya Kusoma tu, na Hesabu wataifanya Jumapili baada ya kanisa kama umeme utakuwepo.